Mvuke Usioonekana

Sogeeni, wadogo zangu, niwaeleze habari za dhahabu ya Handeni na za mtu ambaye hakuichimba wala hataiuza, ila inamfikia: mtoto aliye bado tumboni.

Handeni, mkoani Tanga, kuna vilima vyenye dhahabu, na kinachotajwa sana ni Magambazi. Mchimbaji mdogo akishatoa jiwe shimoni hulipeleka kwenye karasha likasagwa, kisha unga wake huoshwa kwa maji. Chembe za dhahabu ni ndogo mno, vidole haviwezi kuziokota. Basi humwagiwa zebaki, ile metali ya majimaji inayong'aa, nayo huzinasa zikawa donge. Donge hukamuliwa kwenye kitambaa, halafu huchomwa. Zebaki hupaa ikawa mvuke, dhahabu ikabaki.

Mvuke huo hauna rangi wala harufu, na hapo ndipo ilipo hatari. Moshi wa kuni hukuwasha macho, ukajiondokea mwenyewe, huu haukuonyi. Anayechoma anauvuta, na mama mjamzito anayeuza uji jirani naye anauvuta. Kutoka mapafuni huingia kwenye damu, na damu huufikisha kwenye kondo la nyuma, ukavuka.

Zamani madaktari wengi waliamini kwamba kondo la nyuma ni ngome, sumu haipiti. Waliozinduliwa kwa uchungu ni watu wa Minamata, mji wa wavuvi huko Japani. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilikuwa kikimwaga ghubani maji machafu yenye zebaki ya aina kali zaidi, samaki wakaibeba, watu wakala samaki. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Kilichowashangaza madaktari ni watoto: walizaliwa wakishindwa kutembea na kusema sawasawa, ilhali mama zao walionekana wazima au wameumwa kidogo tu.

Ushahidi mmoja ulipatikana ndani ya nyumba zao. Kwetu, kwa wengi, kitovu cha mtoto huzikwa, ndiyo maana mtu husema kitovu chake kiko mahali fulani. Wajapani wao hukikausha wakakitunza kisandukuni. Watafiti waliviomba vitovu hivyo, wakavipima miaka mingi baadaye, wakakuta zebaki. Naifikiria sana kazi hiyo: mama kuufungua mkono na kutoa kumbukumbu ya uzazi wake ili ipimwe sumu.

Kwa nini mtoto aumie kuliko mama? Ubongo wa mama umekwisha kujengwa, wa mtoto ndio kwanza unajengwa. Mfereji ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo hufunga katika wiki nne za kwanza, mara nyingi mama mwenyewe hajajua kuwa ana mimba. Akishazaliwa, mtoto huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake, hutambaa sakafuni, na kila kitu hukipeleka mdomoni.

Zebaki haiko peke yake. Jikoni kwenye mafiga, moshi wa kuni una gesi inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na mtoto tumboni hupata pungufu. Malaria nayo hupunguza damu ya mama. Ndiyo maana watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na wenzao wa Denmark waliwafuatilia wanawake wa Korogwe na Handeni tangu kabla ya kushika mimba, wakawapima watoto kwa picha za ultrasaundi wakingali tumboni. Napenda walivyoanza mapema hivyo. Ukimngoja mtoto azaliwe ndipo umpime, sehemu kubwa ya habari yake imeshapita.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Kuna pia chombo cha kuchomea kilichofunikwa, ambacho huunasa mvuke ukapoa na kurudi kuwa zebaki. Penye machimbo na pasipo chombo hicho, wachomaji wakae mbali na nyumba, wajawazito na watoto wasisogee. Nguo za kaka aliyetoka machimboni zifuliwe mbali na nepi za mtoto, na karai lililochomea dhahabu lisipikiwe tena.