Misheni, Ukoloni na Elimu: Funzo la Kilimanjaro

Katika majadiliano husikika kauli kwamba watu wa milimani walitangulia kwa elimu kwa sababu wana akili kuliko wengine. Kauli hiyo si ya kweli, na ni sumu kwa umoja wetu. Ili tuing'oe, yatupasa kuchunguza jinsi misheni zilivyoingia milimani chini ya ukoloni.

Wamisionari Waingereza walianza kazi Moshi mwaka 1885. Mwaka 1892 Mangi Meli aliwashinda askari wa Kijerumani. Watawala wakawatuhumu Waingereza hao kuwa upande wa Meli, nao wakalazimika kuondoka. Mwaka 1893 Wajerumani walimshinda Meli, na mwaka huo huo Misheni ya Leipzig ikaanza kazi Machame. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa pamoja na viongozi wenzake. Ni dhahiri basi kwamba dola ya kikoloni ndiyo iliyoamua ni mmisionari yupi apite na yupi atoke.

Kwa nini milimani? Sababu ni za hali halisi: hewa ya baridi, homa chache, maji ya mifereji, na watu wanaoishi karibu karibu katika migomba yao. Tena kahawa, iliyopandwa na mapadri waliofika Kilema mwaka 1891, ilikuja kumpatia mkulima fedha ya karo. Sehemu kame zilizokosa mambo hayo zilikosa na shule. Akili haikuhusika.

Hata hivyo, tusiishie kulaani tu. Shule zile zilikusudiwa kutoa waumini, waalimu wa dini na makarani watiifu. Lakini aliyekwisha kujua kusoma hachaguliwi tena la kusoma. Wamisionari Wajerumani walipofukuzwa mwaka 1920, waalimu wenyeji ndio waliobeba kazi ya sharika. Na mwaka 1925, walowezi walipotaka Mwafrika azuiwe kulima kahawa, wakulima waliunda chama chao, KNPA. Rais wake, Joseph Merinyo, alikuwa mwanafunzi wa misheni. Mwaka 1933 mahali pa chama hicho pakashikwa na ushirika wa KNCU. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya utii kiligeuka kuwa silaha ya kutetea haki.

Lakini silaha hiyo haikumfikia kila mtu. Mwenye shamba na kahawa alisomesha watoto. Asiye na ardhi alibaki nyuma, hata mlimani penyewe. Kwa hiyo pengo si la kabila na kabila. Ni pengo la wenye njia na wasio na njia, lililochimbwa na ukoloni.

Ndiyo maana Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliiwezesha Serikali kuzitwaa shule za misheni, ili ziwe za watoto wote bila kujali dini wala mkoa. Kada anayejua historia hii hatamwonea wivu jirani aliyetangulia, wala hatamdharau aliyechelewa. Atauliza shule iko wapi, na nani hajaifikia.