Skripti za Sheli baina ya Kiwango Kipya na Mitambo ya Zamani

Makala haya yanachunguza swali moja: je, mwandishi wa skripti ya sheli afuate kiwango kilichoandikwa, ama mitambo iliyopo? Sheli ni programu inayopokea amri za mtumiaji na kuzipitisha kwenye mfumo wa kompyuta. Amri hizo zikipangwa katika faili ili zitekelezwe kwa mfululizo, faili hiyo huitwa skripti. Sheli ya Stephen Bourne ilienea pamoja na toleo la 7 la Unix, mwaka 1979. Baadaye makampuni mbalimbali yaliichukua Unix, kila kampuni ikaongeza yake, hata skripti moja ikawa haisomeki namna moja kila mahali. Mwaka 1992 IEEE, chama cha wahandisi, ilitoa kiwango cha POSIX kuhusu sheli na amri zake.

Kiwango hicho hakikumaliza tatizo. Amri ya echo ikipewa -n, mitambo mingine huiona kuwa ni agizo la kutoruka mstari, na mingine huichapa kama neno la kawaida. POSIX haikuamua baina yao. Ndiyo maana printf hupendekezwa badala yake.

Mfano mzito zaidi ni wa mwaka 2001. Kwa miaka mingi head -1 ilitoa mstari wa kwanza wa faili, na tail +2 ilitoa mistari yote kuanzia wa pili. Toleo la POSIX la mwaka huo liliziacha sura hizo, likabakiza head -n 1 na tail -n +2. Programu za GNU zilipoitii kanuni hiyo, tail +2 ikaanza kutafuta faili yenye jina +2, na skripti ambazo hakuna mtu aliyezigusa zikakwama. Hapo ndipo ilipoonekana faida ya kigeu _POSIX2_VERSION: kikipewa thamani 199209, sura za kale hukubaliwa tena.

Lugha za watu haziendi hivyo. Mzungumzaji wa Lubumbashi akikutana na neno la Kiswahili Sanifu asilolijua, huuliza, au hukisia kwa muktadha. Mtambo haukisii. Hukataa, au, lililo baya zaidi, hutekeleza jambo jingine kimya.

Kwa hiyo ni heri kutafuta kwanza sura inayosomeka pande zote mbili. sed 1q hutoa mstari wa kwanza. Sed 1d huuacha huo na kutoa iliyobaki. Zote mbili zilieleweka kabla ya kiwango, na zinaeleweka hadi leo.

Lakini tahadhari nayo huzeeka. Matokeo ya amri yanaweza kuchukuliwa kwa `…` ya zamani, au kwa $(…) ya POSIX. /bin/sh ya Solaris 10 haikuijua sura ya pili. Solaris 11, mwaka 2011, ikaweka ksh93 mahali pake. Aliye na mtambo wa kale mkononi bado anaihitaji ile ya kwanza. Kwa wengine inamchosha bure msomaji wa skripti, hasa amri moja inapopachikwa ndani ya nyingine.