Ukumbi wa Nyumba ya Kiswahili: Usanifu, Maana na Tafsiri ya Nyaraka za Makazi Bujumbura

Katika mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, nyumba ya Kiswahili husomeka kuanzia barazani. Mgeni wa kupita huishia hapo. Aliyekaribishwa huingia ukumbini, yaani njia iliyoezekwa inayopita katikati ya nyumba, vyumba vikiwa kulia na kushoto. Jamaa hufika hadi uani, penye jiko na choo. Ukumbi, basi, ndio mpaka kati ya mtaa na familia.

Majumba ya makabaila wa Uingereza yanatoa ulinganisho wenye manufaa. Katika jumba la Penshurst, Kent, ukumbi mkuu wa mwaka 1341 ulikuwa mahali pa bwana, wageni na watumishi kula pamoja, moto ukiwaka katikati ya sakafu. Katika jumba la Hardwick, lililojengwa kati ya mwaka 1590 na 1597, ukumbi ulielekezwa kutoka mbele ya jengo hadi nyuma, na vyumba vya heshima vikapandishwa orofa ya juu. Hatimaye neno lililotaja chumba kikuu likawa, katika nyumba ya kawaida ya Mwingereza, jina la ujia mwembamba wa mlangoni.

Neno la Kiswahili limesafiri kinyume. Kutoka sehemu ya kuingilia nyumbani, “ukumbi” limepanuka hadi kutaja jumba la mikutano, na maana hiyo ndiyo inayotangulia leo katika lugha rasmi. Hapo ndipo penye tatizo kwa anayefasiri nyaraka za makazi kutoka Kifaransa. Akiandika “ujia”, anahifadhi umbo lakini anafuta kazi ya kijamii; akiandika “ukumbi” bila maelezo, msomaji huwaza viti na jukwaa. Kirundi nacho kina mfano wake: “urugo” ni ua na pia ni kaya, hivyo tafsiri ya “uzio” pekee huwaacha wenyeji wake nje.

Inapendekezwa kwamba orodha za urithi wa majengo zieleze kila sehemu ya nyumba kwa mambo matatu: mahali ilipo, nani huruhusiwa kufika, na shughuli ifanyikayo. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na istilahi zitakazoafikiwa zitatumika nje ya mipaka yake. Pale nyumba ya kale inapobomolewa kupisha ghorofa, maelezo hayo huwa ndiyo ushahidi pekee wa namna wakazi walivyopokeana.