Kabla ya kununua pikipiki ya umeme, uliza betri ni ya nani

KIJANA niliyemfundisha Kiswahili zaidi ya miaka kumi iliyopita alinisimamisha juzi karibu na kituo cha garimoshi cha Makadara. Alikuwa akiisukuma pikipiki yake kwa mikono. Ilikuwa pikipiki ya umeme, mpya, ambayo rangi yake ilikuwa bado ikimeremeta. Nilidhani imeharibika, nikampa pole.

"Haijaharibika, Mwalimu," alinijibu huku akipangusa jasho. "Imezimwa."

Alinieleza kwamba alikuwa amechelewesha malipo ya siku mbili kwa sababu mtoto wake alikuwa mgonjwa. Kampuni iliyomkopesha ikaizima betri kutoka ofisini, bila mtu yeyote kufika Makadara. Kisha akanena maneno ambayo yamekataa kunitoka akilini: "Pikipiki ni yangu, Mwalimu, lakini roho yake ni ya wenyewe."

Nayasimulia haya kwa kuwa katika chumba cha walimu shuleni kwetu hakuna mada inayovuma siku hizi kuliko vyombo vya umeme vya magurudumu mawili. Wenzangu wawili vijana, wote wakazi wa Eastlands, wamekusudia kuchukua mkopo katika chama cha akiba ili wajinunulie chombo cha kuwapeleka kazini kila siku. Kila adhuhuri hulinganisha kasi, rangi na bei. Mimi nashikilia kuwa ulinganisho huo umeanzia mahali pasipofaa. Swali la kwanza ni hili: betri ni ya nani, nayo itachajiwa wapi?

Tuanze na mahali penyewe. Mitaa ya Makongeni, Mbotela, Maringo na Jericho ilijengwa katika enzi ya ukoloni na miaka iliyokaribiana na uhuru, kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, wa baraza la jiji na wa viwanda. Waliozipanga nyumba hizo walitarajia mfanyakazi aende kazini Viwandani kwa miguu, au kwa baiskeli akijaliwa. Hapakuwa na gereji, wala nyaya za umeme zilizopita mahitaji ya taa na redio. Leo wajukuu wa wapangaji hao hufanya kazi Westlands, Upper Hill na Kilimani. Lazima kwanza waipite Jogoo Road na foleni yake, washuke mjini, kisha wapande matatu ya pili. Mvua ikinyesha asubuhi, nauli nayo hupanda. Si ajabu basi kwamba mwalimu anayetakiwa kuwa darasani saa moja na nusu atamani chombo chake mwenyewe.

Vyombo vinavyozungumziwa ni vya aina nne, na ni kosa kuvitia vyote katika kapu moja.

Cha kwanza ni skuta ya kusimamia, ile yenye ubao wa kukanyagia na magurudumu madogo. Sifa yake kubwa ni kwamba hukunjwa na kubebwa ngazini hadi chumbani. Hata hivyo, chombo hiki kilibuniwa kwa barabara laini za miji ya Ulaya, na hata huko hakikosi maadui: mjini Paris wapiga kura walizikataa skuta za kukodisha mwezi wa Aprili 2023, nazo zikaondolewa kufikia Septemba mwaka huo. Gurudumu lenye kipenyo cha inchi 8 au 10 likiingia katika shimo la Jogoo Road, mwendeshaji huruka kabla ya skuta kusimama. Mkaazi wa Buruburu anaweza kuitumia ndani ya mtaa kufikia kituo cha garimoshi. Kuiingiza kati ya matatu ni kuhatarisha maisha.

Cha pili ni baiskeli ya umeme, yenye mota ndogo inayoyasaidia miguu. Betri yake ina uzito wa kilo chache, hivi kwamba mwenyewe huibeba katika mkoba pamoja na madaftari ya kusahihisha na kuichaji popote palipo na soketi. Chombo hiki ndicho kinachodharauliwa zaidi katika mazungumzo yetu. Pengine ni kwa sababu baiskeli imekwisha kubandikwa jina la chombo cha mnyonge.

Cha tatu ni pikipiki ya kubadilishiwa betri. Mnunuzi huimiliki pikipiki, ilhali betri hubaki mali ya kampuni. Betri ikipungua nguvu, huenda kwenye kituo, akaacha ile iliyokwisha na kupewa iliyojaa kwa dakika chache. Ampersand ilianza biashara ya namna hii mjini Kigali mwaka 2019, kisha ikaja Nairobi. Spiro, iliyoanzia Afrika Magharibi, iliingia Kenya mwaka 2023. ARC Ride nayo ina makabati yake ya betri jijini. Cha nne ni pikipiki ambayo mnunuzi humiliki hata betri, akaichaji nyumbani kwa soketi ya kawaida kwa saa kadhaa. Kampuni ya Roam, inayounda pikipiki zake hapa Nairobi, imewahi kuuza kwa njia hii, huku ikiwakodishia betri wanaotaka.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo tulifungue daftari, na wanafunzi wa hesabu watusahihishe tukikosea.

Tuseme mwalimu anasafiri kilomita 10 kwenda na 10 kurudi, siku 22 kwa mwezi. Jumla ni kilomita 440. Pikipiki ya petroli inayokwenda kilomita 40 kwa lita itakunywa lita 11. Kwa shilingi 180 kwa lita, bei ambayo Nairobi iliikaribia kwa muda mrefu wa mwaka 2025, hizo ni shilingi 1,980. Pikipiki ya umeme hutumia takriban uniti 4 kwa kila kilomita 100. Tukiongeza umeme unaopotea wakati wa kuchaji, mwezi mzima utahitaji uniti kama 20. Uniti ya nyumbani tuihesabu shilingi 30, basi ni shilingi 600. Mwalimu ameokoa shilingi 1,380.

Sasa mchukue yule kijana wangu wa bodaboda. Yeye hukimbia kilomita 120 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani kilomita 3,120. Petroli ingemgharimu lita 78, ambazo ni shilingi 14,040. Umeme wa kuchaji mwenyewe ungekuwa uniti 140, sawa na shilingi 4,200. Ameokoa shilingi 9,840. Ikiwa pikipiki ya umeme yenye betri yake imezidi ile ya petroli kwa shilingi 60,000, kijana ataurudisha ule uzidi kwa muda wa miezi sita hivi. Mwalimu atahitaji zaidi ya miaka mitatu na nusu, na tukiondoa likizo za shule, muda huo utarefuka zaidi.

Hapa ndipo penye funzo. Chombo ni kile kile, umeme ni ule ule, lakini jibu la mmoja si jibu la mwingine. Anayesafiri mbali kila siku huvuna, naye anayesafiri karibu hungoja. Hata matatu isidharauliwe katika hesabu hii. Safari nne za shilingi 60 kwa siku ni shilingi 240, nazo kwa siku 22 ni shilingi 5,280. Pikipiki ya shilingi 200,000 ikilipwa kwa miaka mitatu bila riba yoyote itadai zaidi ya shilingi 5,500 kwa mwezi, kabla ya umeme, bima, kofia ya usalama na matengenezo. Mwalimu anayenunua na anunue wakati wake, asijidanganye kwamba ananunua unafuu wa fedha.

Mbona basi kijana, ambaye hesabu yake ni nzuri hivyo, alikuwa akisukuma pikipiki? Ni kwa sababu hachaji mwenyewe. Bei ya kubadilishiwa betri hubeba ndani yake umeme, uchakavu wa betri, mshahara wa mhudumu, kodi ya kituo na faida ya kampuni. Sisemi kwamba ni dhuluma. Betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote, nayo huchakaa kwa kila mzunguko wa kujazwa na kutumiwa. Asiyekuwa na mtaji hupunguziwa mzigo anapoikodi, na ikichoka si hasara yake. Mtu wa bodaboda pia hawezi kukaa saa nne akingoja chaji wakati abiria wanapita. Hata hivyo, nguo ya kuazima haisitiri matako. Aliyeazima betri ameazima pia ruhusa ya kwenda kazini, na ruhusa hiyo hufutwa kwa kubonyeza kitufe.

Atasema mtu: basi kila mmoja anunue betri yake. Achaji wapi? Betri ya pikipiki ina uzito wa takriban kilo 20. Kuipandisha hadi ghorofa ya nne kila jioni si mchezo, na kuilaza chumbani ikichajiwa karibu na kitanda au mlango pekee wa kutokea ni hatari. Waya wa kuunganisha uliopitishwa dirishani ni hatari nyingine. Wapangaji wengi hutumia mita moja na majirani, na ugomvi wa tokeni haukosi.

Isitoshe, kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Mwaka 2023 bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri iliidhinishwa nchini: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 katika saa ambazo matumizi ni haba, kabla ya kodi na tozo nyinginezo. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa kuwa usiku mvuke wa Olkaria hutoa umeme ambao wengi wetu, tukiwa usingizini, hatuutumii. Lakini bei hiyo ni ya mwenye mita ya kuchajia. Kampuni inaweza kuipata. Mpangaji wa Maringo anayechomeka betri yake katika soketi ya sebuleni hulipa bei ya nyumbani. Kwa njia hiyo, unafuu uliokusudiwa kuwafikia wananchi huwapita wale wanaouhitaji zaidi.

Tusiusahau pia umeme wenyewe. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi ilikaa gizani kwa saa nyingi. Mwenye petroli aliendelea na safari zake. Anayetegemea umeme peke yake sharti ajue siku hiyo atafika kazini kwa njia gani.

Je, turudi nyuma? La hasha. Moshi wa Jogoo Road tunauvuta sote, mwenye gari na mwenye kwenda kwa miguu, na watoto wetu huuvuta wakiwa njiani kwenda shule. Umeme wa Kenya hutokana kwa sehemu kubwa na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, hivyo chombo cha umeme hapa kwetu ni safi kweli. Rwanda imekwisha kuamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme. Sisi nasi tutafika huko. Shida ni kwamba tunaweza kufika huku kijana wa Makadara akiwa ameondoka katika utumwa wa petroli na kuingia katika utumwa wa betri.

Mambo matatu yanaweza kuzuia hayo. Kwanza, betri ziwe za kipimo kimoja, ili mwenye pikipiki aweze kubadilishiwa katika kituo chochote, kama vile petroli inavyouzwa kwa pikipiki yoyote. Pili, sheria iseme waziwazi ni lini mkopeshaji anaruhusiwa kukizima chombo cha mtu, na baada ya ilani ya siku ngapi. Tatu, mitaa kadhaa ya Eastlands imo katika mipango ya kujengwa upya kwa maghorofa. Makosa ya waliojenga zamani yasirudiwe: chini ya kila ghorofa pawekwe mahali salama pa kuchajia, penye mita inayostahili ile bei maalumu.

Nanyi walimu wenzangu, kabla ya kutia sahihi fomu ya mkopo, pimeni umbali wa safari yenu, kisha tafuteni soketi mtakayoitumia na mjue mita yake ni ya nani. Muulizeni muuzaji: nikikosa kulipa kwa siku mbili, nini kitatokea? Akisitasita, mmekwisha kupata jibu.

Mmoja wa wenzangu amefanya hesabu hiyo, naye ameanza kuuliza bei ya baiskeli ya umeme. Mwingine bado anaisifu rangi ya pikipiki. Kuhusu yule kijana, tuliisukuma pamoja hadi kwenye kivuli, akampigia simu ndugu yake amtumie fedha. Pikipiki iliwaka tena baada ya dakika chache, bila mtu kuigusa. Alitabasamu akanishukuru. Mimi nilikuwa nikiwaza juu ya kidole kilichoiwasha, na mahali kilipokuwa.