Kwa nini jiwe la kawaida halinoi jino la kabaidi?

Ukiingia karakana ya useremala Musoma, Bunda au Butiama, angalia diski ya msumeno wa umeme. Kwenye meno mara nyingi utaona vipande vidogo vya kijivu vilivyounganishwa juu ya chuma. Hiyo ni kabaidi ya tungsteni. Ikishakuwa butu, usikimbilie jiwe lile lile la kunolea panga na patasi. Utasugua wee, jino litapata moto, makali hayatarudi.

Sababu? Fikiria zege. Kabaidi ina "kokoto", yaani chembe ngumu za tungsteni na kaboni, zilizoshikwa na "saruji", ambayo ni metali ya kobalti. Kwa kipimo cha ugumu cha Vickers, kokoto hizo hupita 2,200. Jiwe la kawaida, la kijivu au jeupe, ni oksidi ya alumini: kama 2,000 tu. Kinachonolewa ni kigumu kuliko kinachonoa! Jiwe linalika lenyewe, na joto linaweza kulitia jino nyufa.

Jiwe la kijani ni silikoni kabaidi, kama 2,500. Linakata, ila polepole, na linaisha haraka.

Almasi hupita 7,000. Hapo ndipo penye jibu. Wala usiwaze almasi za pete kutoka Mwadui. Ya kunolea hutengenezwa viwandani, teknolojia ya tangu miaka ya 1950. Angalizo moja: almasi ni kaboni, na chuma cha moto hula kaboni. Kwa hiyo gusa kabaidi tu, usiguse chuma cha diski.

Namba zake zinasomwa kama za msasa: ikiwa kubwa, chembe ni ndogo. Jino lililomeguka lianzie 150 hivi, kunoa kwa kawaida 400, kumalizia 600.

Sasa la muhimu kuliko makali: vumbi. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kobalti ikiwa pamoja na kabaidi ya tungsteni kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Vumbi hilo pia huharibu mapafu. Leso puani haitoshi. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, na kama mashine imetengenezwa kunoa kwa maji, tumia maji. Diski utanunua nyingine. Mapafu je?