Kupima Juhudi ya Misuli ya Kupumua

Kiasi cha hewa anachovuta mtu hakionyeshi kila mara juhudi anayoitumia kukivuta. Mgonjwa mwenye mapafu yaliyoharibika, akiwa ameketi kimya, aweza kuvuta hewa inayokaribiana na ya mtu mwenye afya, ilhali misuli yake inafanya kazi maradufu. Na kwa kuwa spirometa, kifaa cha kupimia hewa inayopulizwa, hupima matokeo wala si juhudi, wataalamu hulazimika kuichunguza misuli yenyewe.

Msuli mkuu wa kupumua ni kiwambo, kinachotenganisha kifua na tumbo. Ubongo hukiamuru kupitia neva mbili zinazotokea shingoni, na amri inapofika, nyuzi za msuli hutoa umeme hafifu, kisha hukaza, kiwambo kikashuka na hewa ikaingia. Umeme huo hunaswa kwa elektrodi, yaani vipokezi vidogo vya umeme, zinazobandikwa juu ya ngozi ya mbavu za chini au, kwa usahihi zaidi, zilizopangwa kwenye mrija mwembamba unaopitishwa puani na kushushwa ndani ya umio hadi pale umio unapopenya kiwambo. Kwa kuwa moyo uko jirani, umeme wake nao hujichora katika kipimo, na sharti uondolewe kabla ya kusoma.

Kipimo hicho hupata maana kinapolinganishwa na upeo wa mgonjwa mwenyewe, ndiyo maana huombwa avute hewa puani kwa nguvu zake zote. Mtu mwenye afya aliyetulia hutumia takriban asilimia 10 ya upeo huo. Mwenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa huweza kukaribia asilimia 30, jambo linaloeleza kwa nini huhema kwa kazi ndogo tu.

Manufaa ya kipimo hicho huonekana hasa katika wodi za wagonjwa mahututi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba nyuzi za kiwambo kilichopumzishwa kabisa na mashine ya kupumulia zilisinyaa ndani ya saa 18 hadi 69. Tayari mwaka 1999, mtafiti Christer Sinderby na wenzake walikuwa wameeleza namna ya kuiongoza mashine kwa umeme wa kiwambo, ili isaidie pale mgonjwa anapoanza kuvuta pumzi. Daktari anayeijua juhudi ya kiwambo huweza kuupunguzia msuli mzigo bila kuunyima kazi, na kupanga kwa uhakika zaidi siku ya kumwondoa mgonjwa kwenye mashine.