Vijidudu Vinavyochimba Madini



Wengi wetu tunajua kwamba kutoa metali katika mawe kunataka tanuru na moto mkali. Lakini jirani zetu wa Kasese, nchini Uganda, walitoa kobalti bila tanuru. Kazi hiyo ilifanywa na vijidudu visivyoonekana kwa macho.

Mgodi wa Kilembe ulitoa shaba tangu 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Uliacha rundo la mabaki la karibu tani milioni moja, lenye chuma, salfa na kobalti kidogo. Mvua iliponyesha, tindikali ilitiririka mpaka Hifadhi ya Queen Elizabeth na kukausha majani.

Mwaka 1999 kiwanda kilianza kuyatumia mabaki hayo. Yalisagwa, yakachanganywa na maji katika matangi makubwa, kisha vijidudu vikatiwa. Chakula chake ni chuma na salfa. Vikila, hufanya tindikali inayolifungua jiwe, na kobalti huingia majini. Mwishoni umeme huikusanya kobalti hiyo iwe metali.

Ulaji huo hutoa joto jingi. Vijidudu vya Kasese vilistawi katika nyuzi 42 hivi. Jamaa zake wa chemchemi za moto hustahimili hata 70. Joto likizidi kipimo, hufa. Kwa hiyo maji baridi yalipitishwa katika mabomba, hewa ikapulizwa usiku na mchana, na mbolea kidogo ikaongezwa.

Basi tuangalie, ndugu. Kijidudu kikikosa hewa, chakula au ubaridi, kazi husimama, na tajiri hukimbia kukihudumia. Mfanyakazi anayelinda tangi la tindikali naye anastahili hewa safi, glavu, miwani na zamu za haki. Hiyo si sadaka.

Mnamo 2013 rundo lilikwisha, na kazi ikakoma. Sisi tunaosikia habari za nikeli ya Musongati tukumbuke hilo. Madini yale yamo katika udongo mwekundu usio na salfa ya kulisha vijidudu hivi, hivyo njia yake ni nyingine. Lakini maswali ni yale yale: mabaki yatawekwa wapi? Maji machafu yatakwenda wapi? Kazi itadumu miaka mingapi? Tuyaulize mapema, kabla lango halijafunguliwa.